Kitabu cha Mwaka chenye Hesabu na Maneno

Kurasa hizi zimezoea habari za mashamba na za kulea watoto. Mwezi huu twaomba ruhusa tuseme juu ya namna moja ya kitabu tuipendayo mno, ijapokuwa juu ya mpira wetu wa hapa Mbalizi na Mbeya hatujaiona bado. Ni kitabu kitokacho mara moja kwa mwaka, sehemu yake moja ni safu za hesabu na sehemu ya pili ni insha, nacho chaeleza michezo ya mwaka uliopita.

Wako wadhanio kwamba apendaye hesabu hapendi habari, na apendaye habari huchoka aonapo tarakimu. Sisi walimu twajua sivyo. Maana mtoto ahesabuye ng'ombe wa babaye jioni huwajua pia kwa majina na tabia, na hesabu ikipungua husema mara moja ni yupi aliyebaki kule bondeni.

Waingereza wana kitabu cha namna hiyo cha mchezo wa kriketi, kilichoanzishwa na John Wisden mwaka 1864, nacho chatoka hata leo. Lakini kilichotunasa sisi ni kile cha Marekani, cha mchezo wa besiboli, ambamo mtu hutupa mpira mdogo na mwenziwe huupiga kwa gongo kisha hukimbia. Mgeni mmoja alituachia nakala kuukuu. Mchezo wenyewe hatujaucheza kamwe, wala sheria zake hatukuzijua. Hata hivyo tulikisoma usiku mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Mwandishi wake ni Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kutia maharage makoponi, katika jimbo la Kansas. Mwaka 1977 alitoa kitabu chake cha kwanza kwa fedha zake mwenyewe, kurasa 68 tu, na walionunua walikuwa kama watu 75. Hakukata tamaa, akatoa kingine kila mwaka hata 1988. Na tangu mwaka 1982 kampuni kubwa ya vitabu ndiyo iliyomchapia. Mwaka 2003 timu ya Boston Red Sox ilimwajiri awe mshauri, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa ambao ilikuwa haijaupata tangu 1918. Hatusemi kwamba ubingwa ule ni kazi ya mtu mmoja mwenye kalamu. Naye mwenyewe angekuwa wa kwanza kutuuliza tumejuaje.

Maana huo ndio utamu wa kitabu chake, kule kuuliza. Watu wakisema fulani ni mpigaji hodari, yeye huuliza: je, ni uhodari wake, au ni uwanja achezeao? Katika mji wa Denver, ulioko kama mita 1,600 juu ya bahari, mpira upigwao huruka mbali kuliko pwani, kwa kuwa hewa yake ni nyepesi. Basi Mbeya yetu iko juu kuliko Denver, kama mita 1,700. Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, na katika msimu wake wa kwanza ikawa ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Barazani hapa Mbalizi wengine husema ni hewa ya Uwanja wa Sokoine iliyowachosha watu wa pwani. Wengine hukasirika, wakisema ni jasho la vijana. Aliye na sauti kubwa ndiye ashindaye. Kumbe yatosha kuandika safu mbili, pointi zilizopatikana nyumbani na zilizopatikana ugenini, kisha kuzilinganisha na za timu nyingine.

Au chukua wafungaji. Msimu wa 2018/19 Meddie Kagere wa Simba alifunga mabao 23. Msimu wa 2015/16 Amissi Tambwe wa Yanga alifunga 21. Watu watasema 23 ni zaidi, basi yamekwisha. Lakini ligi ya Kagere ilikuwa na timu 20, yaani michezo 38 kwa kila timu, na ya Tambwe ilikuwa na timu 16, yaani michezo 30. Gawanya, nawe utaona kwamba Tambwe alipata 7 katika kila michezo 10 ya ligi, na Kagere 6 na kidogo. Watu wa Simba watusamehe. Hata hapo neno halijaisha, maana twapaswa kujua nani alimpa mpira na mabao mangapi ni ya penalti, na hayo yahitaji ukurasa wa maneno.

Kwa maana hesabu peke yake huweza kuwa bubu. Mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wetu alikimbia marathoni, akaanguka na kuumia goti, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Katika safu ya hesabu ameandikwa wa 57, wa mwisho. Asiyesimuliwa goti lile atapita juu ya jina lake. Lakini tazama na upande wa pili: wasimulizi hurudia goti na kusahau kwamba walioanza ni 75. Watu 18 hawakufika kabisa! Hilo ni neno la hesabu, nalo laikuza habari.

Twayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa kipa wa timu ya mtaa hapa. Aliondolewa kwa kuwa amefungwa mabao mengi kuliko makipa wote. Hivyo ndivyo walivyosema wenye kuchagua. Sisi tulikuwa na daftari la mechi. Sehemu kubwa ya mabao hayo aliingiziwa siku mbili ambazo timu ilikuja pungufu, wengine wakiwa katika kuvuna viazi. Tulipolionyesha daftari, nafasi ilikwisha kupewa mwingine, na kijana alikwisha kuacha mpira.

Tangu hapo tumeanza kitabu chetu cha mwaka, kwa rula na wino. Kila ukurasa wa hesabu unatazamana na ukurasa wa maneno, na maneno hayo huandikwa na yule aliyekuwapo. Ukurasa ule wa kipa u mtupu bado. Mwenyewe yuko Tunduma, apakua mizigo ya malori. Tumempelekea barua kwa dereva, tukimwomba atuandikie zile siku mbili kama alivyoziona yeye golini.