Alfajiri ya Baridi Njombe

Ukipita Makambako kwenda Njombe mwezi wa Juni au Julai, beba koti zito. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingine umande huganda juu ya majani.

Tulitoka Dar es Salaam kumfuata mama mkwe aliyekuwa akisumbuliwa na kifua. Kulipokucha tukataka kumwahisha hospitali. Mume wangu akapiga stata. Injini ya dizeli ikazunguka vizuri, ikatoa moshi mweupe, lakini haikuwaka. Jirani akaleta jiko la mkaa aliweke chini ya injini. Mama akakataa: "Wanangu, mkiliunguza gari mtanibeba na nini?"

Tukamwita fundi. Akatueleza kwamba injini ikizunguka kwa uzito, tuangalie betri na vichwa vyake, kwani baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito. Ikizunguka vizuri huku ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haipati joto la kuiwasha. Akapima plagi za kupashia joto. Kati ya nne, tatu zilikuwa zimekufa!

Duka la vipuri lilifunguliwa saa mbili. Mama alisubiri jikoni, akihema kwa shida. Plagi mpya zilipofungwa, gari likawaka mara moja.

Joto la Dar es Salaam lilikuwa limetuficha ubovu huo. Mama mwenzangu, kabla ya safari ya nyanda za juu, plagi na betri zipimwe. Mgonjwa hasubiri jua lichomoze.