Baba alifariki akiwa na umri gani? Jibu lilikuwa maktabani

Daktari aliuliza swali la kawaida: “Baba yako alifariki akiwa na umri gani?”

Mama huyo wa watoto watatu, aliyefika kliniki jijini Dar es Salaam kwa sababu ya shinikizo la juu la damu, hakuwa na jibu. Alikuwa darasa la nne baba yake alipofariki. Nyumbani ilisemwa tu kwamba mzee ametangulia mbele ya haki, na kwa mtoto wa darasa la nne kila baba ni mzee.

Jioni alimpigia simu shangazi yake, Morogoro. Shangazi hakutaja mwaka hata mmoja. “Tunapata Uhuru, kaka yangu alikuwa bado ananyonya,” alisema. “Na tulimzika wiki ileile aliyozikwa Mwalimu.”

Wazee wengi huhesabu hivyo. Kuna waliozaliwa mwaka wa Azimio, waliooa wakati wa Vita ya Kagera, waliojifungua wiki ilipozama MV Bukoba. Hawajasahau, kalenda yao ni matukio. Tarehe zimo kwenye magazeti.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999 na kuzikwa Butiama Oktoba 23. Kwa hesabu hiyo, “mzee” yule hakuwa amefikisha miaka 40. Binti yake sasa ana 37.

Alitaka kuwa na uhakika. Ndipo akaenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Nje ni honi, bodaboda na wauza maji. Ndani ni kimya, feni na wanafunzi walioinamia madaftari. Jengo hili lilifunguliwa na Mwalimu mwenyewe mwaka 1967, na sheria inawataka wachapishaji nchini kuleta hapa nakala za wanachochapisha. Ndiyo maana gazeti lililofungiwa maandazi mitaani laweza kuwa bado limehifadhiwa hapa.

Anayetafuta humtajia mkutubi jina la gazeti, mwezi na mwaka. Mama huyo aliomba Oktoba 1999. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa msiba wa Mwalimu. Tanzia ya baba yake hakuiona.

Mkutubi akamshauri aruke mwaka mmoja. Familia nyingi wakati wa msiba hazina fedha wala akili ya kwenda kwenye ofisi ya gazeti, alimwambia. Hutoa tangazo baadaye, kwenye shukrani au kumbukumbu ya mwaka.

Oktoba 2000, chini ya ukurasa wa matangazo, picha ndogo ilikuwapo. Baba mwenye shati la mikono mifupi, kijana kuliko alivyomkumbuka. Tangazo lilisema aliwaacha “ghafla ukiwa kazini”. Miaka yake ilitajwa: 38. Katika orodha ya watoto kulikuwa na jina moja ambalo binti hakuwahi kulisikia.

Aliomba nakala, akaandika nyuma yake jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Hakuirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliipeleka kwanza Morogoro, mkononi, kwa shangazi. Karatasi ya namna hii inaweza kuleta ndugu, na inaweza kuleta ugomvi, kutegemea nani ameiona wa kwanza.

Shangazi alitazama picha kwa muda mrefu. Kuhusu lile jina alisema, “Hilo tutakaa tuzungumze na mama yako akiwapo.” Kuhusu lile neno “ghafla” alikuwa na mengi zaidi. Kaka yake alilalamika kichwa siku mbili kabla. Na baba yao, babu wa yule binti, naye alianguka shambani asiamke.

Hapo ndipo penye faida kwa mzazi. Gazeti halipimi ugonjwa. Tanzia nyingi husema “ghafla” au “baada ya kuugua kwa muda mrefu”, basi. Lakini hutoa umri, mahali na majina, na kumpa mzee pa kuanzia kusimulia. Daktari anapojua kwamba baba na babu walifariki ghafla, na mmoja wao kabla ya miaka 40, anajua apime nini na awaangalie watoto kwa jicho gani.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi ana mlango mwingine Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwingine Mlimani, kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aulizie Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambalo wasomaji wa mikoani waliliandikia habari za miji yao.

Kabla ya kwenda, ulizia masharti ya kuingia. Beba kitambulisho na penseli, maana wino huharibu karatasi kuukuu. Tafuta jina kwa tahajia zote: Salim na Salum, Rukia na Lukia. Usikate tamaa usipomwona bibi. Magazeti ya zamani yaliandika zaidi wanaume wenye ajira mjini, na mwanamke mara nyingi yumo kama “mama fulani”.

Wiki iliyofuata mama yule alirudi kliniki na ile nakala. Daktari aliisoma, akaandika kwenye faili, kisha akauliza swali la pili: “Na upande wa mama?”

Safari hii hakunyamaza. Alitoa simu palepale, akampigia bibi yake.