Povu Lisipoe

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuisikia methali isemayo mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aghalabu twaitumia kumwonya mtu anayeyatazama masaibu ya jirani kana kwamba hayatamfikia. Lakini hebu iondoe katika mawaidha, uirudishe kwenye benchi la kinyozi, ambapo anayengoja zamu hulowesha ndevu zake mapema ili wembe usimtese. Maana hiyo mimi niliijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na niliijua kwa aibu.

Baba yangu alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Alikuwa mtu wa kunyoa kila Ijumaa asubuhi, hata katika ile miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipokuwa adimu na watu wakiipangia foleni tangu alfajiri. Alikuwa na kipande chake alichokificha kwa ajili ya ndevu tu, na mama hakuruhusiwa kukigusa. Sasa kazi ile ikawa yangu. Nikakoroga povu kwa maji ya bomba, nikampaka, nikaenda kutafuta taulo, nikarudi, nikaanza. Wembe ulikwaruza. Damu ikatoka mahali pawili. Baba hakusema neno. Alifumba macho tu. Ijumaa iliyofuata akasema ndevu zake hazina haja ya kunyolewa.

Ndipo nikatoka kutafuta ujuzi, nikianzia Kinondoni niliko. Zamani Kinondoni na Temeke zilihesabiwa kuwa kando ya mji. Leo mji umezipita mbali sana. Ukitembea kandokando ya Barabara ya Kawawa utaziona saluni za wanaume, zenye vioo ukuta mzima, muziki, na vijana hodari wanaozungusha mashine ya umeme kichwani kama mchoraji na kalamu yake. Siwalaumu. Mashine haina haja ya maji wala sabuni, na kazi yake ni ya haraka. (Katika mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006 saluni hizo zilikuwa kimya kama msikiti wakati wa hotuba.) Lakini nilipouliza habari ya brashi na povu, kijana mmoja alicheka kwa adabu, akanijibu, “Hayo, mzee wangu, waulize wazee wenyewe.”

Basi nikapanda daladala, nikaifuata barabara hiyo hiyo kupita Magomeni na Ilala hadi Chang’ombe, kisha nikaingia Temeke. Katika uchochoro mmoja usio mbali na Mwembe Yanga, kwenye baraza ya nyumba ya Kiswahili, nilimkuta kinyozi mzee. Kiti kimoja cha mbao, kioo kilichopasuka pembeni, birika juu ya jiko la mkaa, na kando yake bakuli pana la udongo lililofunikwa kisahani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Nikamweleza kisa changu chote. Akasikiliza huku akimpaka povu mteja, kisha akasema, “Wembe haukati ndevu kavu. Unazing’oa.”

Ndugu msomaji, maneno hayo yana sababu yake. Unywele hunywa maji, na ukishakunywa hulainika, ukakatika bila kuvutana na ngozi. Kazi hiyo yataka dakika mbili au tatu, na maji ya vuguvugu huifanya upesi kuliko ya baridi. Povu ni blanketi la kuyashika maji yale yasikimbie. Utasema Dar es Salaam ni mji wa joto, povu la moto la nini? Ngoja mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma asubuhi, upake povu jembamba, halafu uende kutafuta taulo kama nilivyofanya mimi. Ukirudi litakuwa limepoa na kukauka mashavuni kama chokaa.

Mzee yule alifunua kisahani. Ndani ya bakuli mlikuwa na maji ya moto, na katikati ya maji kikombe cha bati chenye povu. Bati, alinieleza, halina siri: hupokea joto upesi na kulitoa upesi. Ukikiweka kikombe juu ya meza, kitapoa kabla hujamaliza shavu la kwanza. Ukikiweka ndani ya maji, kitapokea joto daima, na udongo unalihifadhi. Kila alipomaliza shavu alirudisha brashi kikombeni na kufunika. Akanionya nisitumie maji yanayotokota, maana huunguza ngozi na kuharibu brashi. Kipimo ni ndani ya kifundo cha mkono, kama mama anavyopima uji wa mtoto. Baadaye nilisoma kwamba huko Uingereza, katika karne ya 19, watu walitumia vyombo vya kauri vyenye nafasi mbili, maji ya moto chini na sabuni juu. Fikra ni ile ile, ila bakuli la Temeke ni rahisi zaidi.

Jambo moja alilishikilia kwa ukali. Kila mteja huja na wembe wake mpya, naye huufungua mbele ya macho ya mwenyewe. Alikumbuka jinsi ukimwi ulivyoanza kutajwa, baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kugunduliwa Kagera mwaka 1983. Hata homa ya ini hupita katika damu. Povu zuri, alisema, hupunguza mikato, lakini haliusafishi wembe wa mtu mwingine.

Ijumaa iliyofuata nilimbembeleza baba. Nilimwekea kwanza taulo lililolowekwa maji ya vuguvugu, nikahesabu dakika tatu, nikakoroga povu ndani ya bakuli la mboga la mama, naye akalalamika. Nikanyoa kwa kufuata ndevu zinakoelekea, maana ndevu zetu za kujikunja zikinyolewa kinyume huzaa vipele. Shavu la kwanza lilikwisha kimya kimya. Nikageuka kuchovya brashi, na nilipomrudia nikamkuta ameshanigeuzia shavu la pili.