Milimita Mbili za Chuma cha Sacco

Ukimdhamini mtu kwa sacco, fomu haikuambii kwamba Jumamosi moja utasimama Kariobangi Light Industries ukibishana kuhusu shimo. Inakuambia tu kwamba asipolipa, akiba yako italipa. Logbook ya Subaru ya bro iko kwa sacco mpaka mkopo uishe. Kwa hesabu yangu, gari hilo lina wenyewe watatu: yeye, sacco, na mimi kidogo.

Bro alikuwa amenunua koilova za mitumba, zilizotolewa kwa Subaru ya aina nyingine. Kama wewe si mtu wa magari: koilova ni shokabu iliyovaa springi yake, na mwili wake una nyuzi kama za boliti, so unazungusha ringi gari linashuka au linapanda. Wengi huku Eastlands wanataka lipande, wanaweka spesa ili wasikwaruze matuta ya estate. Wasee wa Subaru ni dini nyingine. Mwaka 1993 Colin McRae alikuja Safari Rally na ka-Vivio, sasapensheni ikamwangusha. Patrick Njiru, wa hapa kwetu, akaifikisha Vivio yake mwisho. Bro husimulia hiyo stori kama aliyekuwa ameketi kando ya dereva. Alizaliwa miaka sita baadaye.

Sasa shida. Koilova hushikwa juu na bamba lenye boliti tatu zinazopenya bodi, ukifungua boneti utaziona kwenye kile kikombe cha chuma juu ya gurudumu. Mbili ziliingia. Ya tatu ikagota ukingoni mwa shimo. Kijana wa gereji akacheka, akaita mtu wa gesi.

"Tunachoma kidogo tu, siz. Dakika mbili."

Nikasema hakuna gesi hapa.

Kikombe hicho ndicho kinabeba kona nzima ya mbele. Kila shimo la barabara unalokanyaga, kishindo kinapanda na shokabu mpaka pale. Koilova ikikukosea unaitoa, unamuuzia mwingine. Bodi huitoi. Na moto haukati shimo peke yake, unaharibu ugumu wa chuma cha pembeni na kuacha ukingo wa menomeno, na ufa hupenda kuanzia kwa ukingo kama huo.

"Siz, unaniaibisha mbele ya wasee," bro akaninong'oneza.

"Wasee hawakusaini fomu."

Mzee wa kibanda cha pili alikuwa anasikiliza. Akaja na vernia, akapima, akasema, "Milimita mbili, binti yangu. Hiyo ni kazi ya tupa." Lakini hakuanza na tupa. Alijaribu kwanza kuweka bamba la zamani la gari juu ya koilova mpya, maana hilo lingeingia bila kugusa bodi. Fimbo ya katikati ikakataa. Ndipo akatandaza matambara juu ya injini, akachukua tupa ya mviringo.

Nilimuuliza mbona asitumie drili. Akasema shimo likiwepo tayari, drili hunasa upande mmoja na kwenda inakotaka yenyewe. Tupa huenda unakoituma. Alisugua upande mmoja tu wa shimo, ule boliti ilikogota, akijaribu bamba kila baada ya muda. Hakupanua hata unywele zaidi ya ilivyohitajika. Kijana wa gesi alikuwa ashaenda kutafuta chai.

Niliogopa bado. Shimo lililopanuliwa si litaacha boliti icheze? Mzee akanieleza kwamba boliti ile haifanyi kazi ya kigingi. Bamba linalala chini ya chuma, nati inabana, na ule mbano ndio unaozuia kuteleza. Bora washa iwe pana na nene kiasi cha kufunika uwazi wote, na nati ikazwe sawasawa. Akachagua washa kwenye kopo lake kama mtu anayechambua mchele. Vumbi la chuma akaliokota na sumaku, akapaka rangi ya kuzuia kutu pale penye weupe, akatulazimisha kungoja ikauke. Kisha upande wa pili, yote tena.

Mwisho akachora mstari mweupe kutoka kila nati hadi kwenye bodi. Mstari ukikatika, nati imesonga. Akatuma bro apimwe alainimenti kabla ya kubeba abiria yeyote, kwa sababu ukibadilisha kimo cha gari, magurudumu nayo hubadilisha mwelekeo.

Gari sasa limekaa chini kama paka anayevizia, na kusema kweli, linaumiza mgongo. Sijaona faida yake, lakini sikuulizwa. Nilichodai ni kimoja: kila Jumapili bro anafungua boneti na kunitumia picha ya ile mistari sita. Jana ya kulia ilikuwa na matope, nikamrudisha nje na kitambaa.