Siku niliyohojiwa mimi

Nimekuwa kimya kidogo. Kufukuzana na kesi kutoka Temeke mpaka Kinondoni, foleni juu, jua juu, ukirudi nyumbani hata kalamu huitamani. Ila leo nina jambo limenikaa rohoni, na gazetini limekosa nafasi. Nitawaeleza kwa nini.

Miezi kadhaa iliyopita niliandika habari fupi, aya nne tu. Kijana wa miaka 19 kapandishwa kizimbani katika mahakama moja ya wilaya hapa Dar kwa kuiba mtungi wa gesi wa mama lishe. Alikiri kosa hapo hapo. Nikaweka umri, mtaa na bei ya mtungi, nikakimbilia kesi nyingine. Kichwa cha habari walitunga wenzangu ofisini, lakini neno "kibaka" niliandika mimi. Sikuandika kwamba kijana huyo tunakaa naye mtaa mmoja huku Tandika, na nyumba ya bibi yake ni ya nne kutoka kwetu.

Kuna kitu kingine nilikiacha kwa kudhani si habari. Hakimu hakutoa adhabu siku ile. Aliagiza kwanza iletwe taarifa ya uchunguzi wa kijamii, kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili. Kijana akapandishwa karandinga kurudi mahabusu.

Jumamosi iliyofuata, mvua imetoka kunyesha na mtaa wote tope, nikamwona mama mmoja wa makamo anaruka madimbwi, viatu mkononi, faili kalikumbatia kifuani. Yuko na mjumbe wetu. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaniitikia na kunitambulisha: "Huyu ni afisa probesheni, katumwa na mahakama. Anauliza habari za mjukuu wa bibi pale."

Kwa wasiofahamu (na mimi mwandishi wa mahakamani nilikuwa nafahamu nusu nusu), probesheni si jambo jipya nchini kwetu, ipo kisheria tangu miaka ya 1940, enzi za mkoloni. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii. Pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kuamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda jela, na mkosaji mwenyewe aridhie. Lakini hakimu anamwona mtu kizimbani dakika chache tu, hawezi kujua ni wa kurudi mtaani au la. Ndiyo maana anatumwa afisa. Anamhoji mkosaji, familia, aliyekosewa, majirani na viongozi wa mtaa, kisha anaandika.

Wenzetu wanasema mambo haya yalianzia Boston, Marekani, mwaka 1841, kwa fundi viatu John Augustus. Alikuwa akienda mahakamani kuwadhamini walevi na wakosaji wadogo, lakini kabla ya kumdhamini mtu anamchunguza kwanza. Mpaka anafariki mwaka 1859 alikuwa kasaidia karibu watu 2,000. Fundi viatu huyo!

Turudi Tandika. Nikajidai kuandamana nao, si unajua pua ya mwandishi. Yule dada akanikatalia kwa upole: "Mdogo wangu, haya si ya gazeti. Zamu yako itafika." Nikabaki barazani. Niliyoyajua baadaye niliyasikia kwa wahusika wenyewe.

Bibi alikuwa kajiandaa kumpamba mjukuu. Akaambiwa, "Bibi, nikidanganyika mimi na hakimu atadanganyika, na atakayeumia ni huyo huyo mtoto." Bibi akasema ukweli: kijana anabeti, madeni yalimfika shingoni, hela ya mtungi iliishia huko. Kijiweni kwa bodaboda mmoja akasema wazi kwamba akirudi watamshughulikia wenyewe. Na hilo likaandikwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba afisa huyu si wakili wa mtuhumiwa. Taarifa yake inaweza kumrudisha mtu nyumbani, inaweza pia kumpeleka jela.

Mama lishe yeye hakuzunguka. "Akifungwa miezi sita mimi napata nini? Nataka mtungi wangu. Na aniombe radhi mbele ya watu, maana kaniibia mbele ya watu."

Zamu yangu ikafika. Mjumbe akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Aya zangu nne! "Huyu msomi wetu ndiye kaandika," akasema kwa fahari, "kila kitu kimo humu." Dada akasoma, akakikunja vizuri, akamrudishia mzee. Kisha akanigeukia.

"Unamfahamu tangu lini?"

Tangu mdogo, nikajibu.

"Aliacha shule mwaka gani? Kwa nini?"

Sijui.

"Nani alikuwa anamlisha kabla bibi hajaanza kuumwa miguu?"

Sijui.

"Akiachiwa, ukikutana naye asubuhi hapa njiani, utamwamkia?"

Wasomaji wangu, nimehoji wabunge, nimehoji makamanda wa polisi, nimewabana watu kwa maswali mpaka wakakata simu. Swali hilo lilinishinda. Nilisema "nadhani ndiyo," na nikaona anaandika. Mpaka leo sijui kaandika nini.

Siku ya hukumu nilikwenda bila kutumwa. Hakimu alisoma taarifa kimya kimya kwa muda, akamuuliza kijana kama yuko tayari kufanya huduma kwa jamii. Akasema yuko tayari. Akaamriwa kufanya usafi katika zahanati moja, na kumlipa mama lishe mtungi wake. Nikampigia mhariri. "Amefungwa?" Hapana. "Amekimbia?" Hapana. "Basi hakuna stori hapo." Nanyi sasa mmejua kwa nini nimeandika hapa.

Sitaki mdhani dawa imepatikana. Kijana alikosa kazini mara mbili, yule dada akaja tena kumtafuta, tope lile lile. Na kuna makosa ambayo taarifa kama hii haina la kufanya. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haishuki chini ya miaka 30, hata kama silaha ni kisu na kilichoporwa ni simu. Kenya, tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu katika kesi ya Francis Muruatetu ilisema si halali kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia, bila kusikiliza chochote kuhusu mtu huyo. Baada ya hapo wafungwa wengi waliomba kupangiwa adhabu upya, na maafisa probesheni wakawa na kazi ya kwenda vijijini kuuliza maswali kama yale niliyoulizwa mimi Tandika.

Mimi nimebadili kitu kimoja kidogo tu: "kibaka" siandiki tena. Naandika mshtakiwa, na hukumu ikitoka narudi kuandika, hata ikikataliwa.

Jana asubuhi nilikutana naye njiani, fagio begani. Akaniwahi yeye: "Shikamoo kaka." Nikaitikia marahaba, nikapita haraka kama mtu anayewahi gari. Gari lenyewe sikuwa na haja nalo.

Je, wewe ungemjibu nini yule dada?