Kabla Hujanunua Mpya

Mwanao akikulilia mtambo mpya wa michezo, msimulie kisa cha Game Boy. Kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa mwaka wa 1989, chini ya fundi wake Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi. Mwaka wa 1990 Sega ikaleta Game Gear, yenye rangi za kuvutia, lakini ilimaliza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne, na zilidumu zaidi. Wazazi wakapiga hesabu; Game Boy ikashinda.

Kifungua mimba wangu alipodai mtambo mpya mwezi wa karo, nilimpa kisa hiki. Alinuna siku mbili, lakini karo ililipwa.