Kovu la Dada

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona haya kulitazama kovu la dada yangu mkubwa. Limeshuka wima kutoka kitovuni, na kila nilipoliona nilihisi kana kwamba kisu nilikishika mimi.

Mwaka 2016 alipobainika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa bado changa, shemeji yetu alileta habari za hospitali za India ambako roboti hupasua kwa vitundu vichache vidogo, na mgonjwa hurejea kwake upesi. Tukaketi kikao cha ukoo. Kiwanja chetu cha Kibaha kikatajwa. Niliyekataa kisiuzwe ni mimi. Dada akapasuliwa hapa hapa Dar es Salaam, akalala wodini siku nane, nami nikabaki na deni moyoni.

Roboti yenyewe, niseme kweli, ni ajabu. Haiamui neno lolote. Daktari huketi kando, macho yakiwa kwenye lenzi zinazokuza picha, na kila anapogeuza vidole, mikono ya chuma hufuata ndani ya tumbo. Marekani iliruhusu da Vinci itumike kwa maradhi ya akina mama mwaka 2005, na nani asingeitamani?

Kumbe mwezi Novemba 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dk. Pedro Ramirez wa Houston. Wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi waligawanywa kwa kura: hawa wafunguliwe tumbo, wale wapasuliwe kwa vitundu. Kwa hesabu ya miaka mitatu, waliokuwa hai ni asilimia 99.0 ya waliofunguliwa tumbo, na asilimia 93.8 ya wale wa vitundu. Kati ya hao wa vitundu, waliopasuliwa kwa roboti walikuwa asilimia 15.6 tu, wengine ni kwa vyombo vinavyoshikwa na daktari mwenyewe. Kwa nini iwe hivyo? Madaktari wanashuku kifaa kinachoingizwa kukigeuzageuza kizazi, au gesi ya kulitunisha tumbo, kwamba huenda vinatawanya chembe za ugonjwa.

Lakini asitokee mtu akakimbia na habari nusu. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi ni jambo jingine: utafiti wa mwaka 2017 wa wanawake 760, uliofanyika Australia, New Zealand na Hong Kong, uliona kuwa vitundu havikuzidiwa na kisu. Kwa hiyo mama akiambiwa atapasuliwa, aulize saratani yake imeanzia wapi hasa, na njia anayopewa imepimwa kwa ugonjwa huo au kwa mwingine.

Niliposoma hayo nilishusha pumzi, kisha nikaona aibu upya. Mimi sikukataa kwa elimu. Nilikataa kwa uchoyo, na uchoyo wangu ukabahatika.

Jumapili iliyopita nilimweleza dada yote, hata hilo la uchoyo. Alikuwa akichagua mchele barazani. Akacheka hadi ungo ukatikisika.

"Mdogo wangu," akasema, "kiwanja chenyewe umeshajenga?"

Nikamjibu bado.

"Basi nipandie mihogo," akasema, akaendelea kutoa mawe.